Shughuli za Usuli katika Diski ya Nakala Rudufu

Shughuli za usuli ni istilahi inayotaja kazi zote ambazo kompyuta, au kifaa kilichounganishwa nayo, hujifanyia bila kusubiri amri ya mtumiaji na bila kufungua dirisha lolote kwenye skrini. Istilahi hii huhitajika hasa pale diski ya nje iliyotengwa kwa ajili ya nakala rudufu inapoanza kuvuma na taa yake kupepesa kwa muda mrefu, ilhali hakuna faili linalonakiliwa na mwenye kompyuta yuko mbali na kibodi. Hali hiyo huwatia watu wengi wasiwasi, wala si ajabu, kwa kuwa mara nyingi diski hiyo ndiyo iliyobeba tasnifu, hesabu za ofisi na picha za familia.

Nakala rudufu, ambayo mtaani huitwa bekapu tu, ni nakala ya pili ya data inayowekwa mbali na ile ya kwanza ili moja ikipotea nyingine ibaki. Istilahi hii ilipata kukubalika kwa urahisi kwa sababu kitenzi kurudufu kilikuwa kimezoeleka shuleni na maofisini tangu enzi za mashine za stensili, mitihani na nyaraka zilipokuwa zikirudufiwa kwa wino. Limewahi kutumika pia neno chelezo, ambalo kwa mabaharia ni boya. Ni neno zuri, lakini mtu asiyeijua bahari hawezi kukisia maana yake, ilhali nakala rudufu inajieleza yenyewe.

Ugumu uko kwenye istilahi ya shughuli zenyewe. Wapo wanaoziita shughuli za chinichini, na tafsiri hiyo ina kasoro kubwa, kwa sababu jambo la chinichini katika Kiswahili ni jambo la kificho, linalofanywa ili wengine wasijue. Anayeambiwa kwamba diski yake ina shughuli za chinichini atafikiria wizi kabla ya kufikiria kitu kingine. Usuli, kwa upande mwingine, ni neno ambalo wanataaluma wamelizoea katika usuli wa tatizo au usuli wa utafiti, likiwa na maana ya yale yaliyo nyuma ya jambo na yanayolitegemeza. Ndiyo maana usuli unafaa zaidi: hautoi hukumu kabla ya uchunguzi.

Uchunguzi wenyewe huanza kwenye mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta nzima. Katika kompyuta za Mac, Time Machine, iliyoanza mwaka 2007, hunakili mabadiliko kila saa, hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi mmoja na za kila wiki kwa kipindi cha nyuma zaidi, kisha diski ikijaa hufuta zile za zamani kabisa. Kufuta huko nako ni kazi, na huweza kuchukua muda mrefu kuliko kunakili. Baada ya hapo huja uwekaji faharasa, ambapo programu ya utafutaji, Spotlight kwa Mac au Windows Search kwa Windows, husoma mafaili na kuorodhesha maneno yaliyomo ili yapatikane upesi yakitafutwa. Programu ya kuzuia virusi nayo huweza kuikagua diski hiyohiyo kwa ratiba yake.

Kuna shughuli nyingine ambayo haitoki kwenye kompyuta kabisa, na ndiyo inayowashangaza hata mafundi. Tangu mwaka 2013 zimekuwa zikiuzwa diski ambazo njia zake za data zinalaliana kama makuti ya paa, ili data nyingi zaidi ienee kwenye sahani ileile. Kwa kuwa kuandika upya njia moja huharibu ile iliyoilalia, diski hupokea data kwanza katika eneo la muda, kisha, ikiona imepumzishwa, huihamisha taratibu hadi mahali pake pa kudumu. Programu zote huweza kuwa zimefungwa, na bado kichwa cha kusomea na kuandikia kikasikika kikienda na kurudi. Anayechomoa waya ghafla wakati huo, kwa kudhani anaiokoa diski yake, ndiye anayeiweka hatarini.

Hata hivyo, kutulia kusigeuke kuwa uzembe. Mlio wa kugonga unaojirudia kwa mpigo uleule, huku mafaili yakikataa kufunguka, ni dalili ya ubovu wa kichwa au sahani, na diski ya namna hiyo haifai kuendelea kutumika. Vilevile, kirusi cha kudai fidia husimba mafaili kwa njia fiche kikiwa nyuma ya skrini, kama WannaCry ilivyofanya Mei 2017, iliposhambulia hata hospitali za Uingereza, na haikuziacha diski za nje zilizokuwa zimechomekwa. Tofauti huonekana kwa kutazama ni programu gani inayoandika kwenye diski, jambo linaloonyeshwa na Resource Monitor katika Windows na Activity Monitor katika Mac: jina lisilojulikana linaloandika kwa wingi, pamoja na mafaili yanayobadilika majina, ni sababu tosha ya kuzima kompyuta mara moja.

Pasipo dalili hizo, diski iachwe imalize shughuli zake za usuli, iondolewe kwa amri ya kuondoa kwa usalama badala ya kuvutwa waya, kisha iwekwe mbali na kompyuta hadi zamu nyingine ya kunakili.