Jumba la 97 Orchard Street

Katika mtaa wa Lower East Side, mjini New York, lipo jumba la matofali lililojengwa mwaka 1863 na Lukas Glockner, fundi cherehani mzaliwa wa Prussia. Na kabla ya ghorofa zake za juu kufungwa mwaka 1935 watu wapatao 7,000, Wajerumani, Waairishi, Wayahudi na Wataliano, walikuwa wamekwisha kupanga humo. Tangu mwaka 1988 limekuwa makumbusho, na azizi yake ni maisha ya mafakiri.

Kila maskani yalikuwa na vyumba vitatu, jumla yake kama mita 30 za mraba, na kimoja tu ndicho kilichopata dirisha la nje. Maji yalitekwa uani, karibu na vyoo. Humo Nathalie Gumpertz, ambaye mumewe alitoka asubuhi moja mwaka 1874, siku za ukata mkubwa wa biashara, asirudi tena, aliwalea wanawe kwa sindano. Na katika miaka ya 1890 Harris na Jennie Levine, waliotoka Plonsk nchini Poland, waligeuza sebule kuwa karakana: cherehani dirishani kufuata mwanga, mwenye kupiga bandi pembeni, na mpiga pasi jikoni, kwa kuwa pasi zake zilipashwa moto juu ya jiko lile lile alilopikia mama wa nyumba. Hapo ndipo ninapoona dhuluma ya biashara ile, kwamba tajiri aliyeagiza magauni hakulipia chumba wala makaa, bali gharama hizo zote zilikuwa juu ya fundi.

Sheria ya mwaka 1901 ilidai mwanga na vyoo vya ndani, ndiyo sababu ya madirisha ya ajabu yaliyotobolewa baina ya chumba na chumba. Lakini mwaka 1935, alipotakiwa kulikinga jumba na hatari ya moto, mwenye nyumba aliona heri awatoe wapangaji, azifunge ghorofa za juu, abakize maduka ya chini. Miongoni mwa waliotolewa alikuwa Adolfo Baldizzi, seremala hodari wa Sicily, ambaye katika dhiki ya miaka ile alizunguka na sanduku la zana akitafuta kibarua. Sheria ilihifadhi roho yake na moto, nayo ni haki; walakini haikumpa pa kuwapeleka mkewe na wanawe.