Nyambizi Gotland: Kupumua Chini ya Maji

Nyambizi ya dizeli na umeme ina udhaifu mmoja mkubwa: kuchaji betri huhitaji hewa, na mrija wa hewa ukichomoza juu ya maji adui huuona. Gotland, iliyoshushwa majini na Sweden mwaka 1995, ilipata dawa yake. Injini zake mbili za Stirling huunguza dizeli kwa oksijeni ya kimiminika iliyobebwa ndani. Moto huwaka nje ya silinda, bila milipuko, kwa hiyo sauti ni ndogo mno. Inaweza kukaa chini majuma kadhaa. Huu ni uhandisi wa kustaajabisha. Marekani iliikodi mwaka 2005 pamoja na mabaharia wake, na mazoezini ikapenya ulinzi wa manowari ya kubeba ndege, Ronald Reagan.