Kutoka Kengele ya Mbuzi Hadi Kasarani

Askari akikusimamisha usiku Nairobi, mara nyingi jina si la kwanza kuulizwa. Utaambiwa, "Toa kipande." Nawe utachomoa kitambulisho cha taifa bila kukumbuka kwamba neno hilo limekaa vinywani kwa zaidi ya miaka 100, na kwamba waliolibeba mwanzo walilibeba shingoni.

Sheria ya kikoloni ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ila Vita Kuu ya Kwanza ikaichelewesha. Ilianza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kutembea na hati yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, waajiri aliowahi kuwatumikia na mshahara waliomlipa. Hati hiyo, iliyoitwa kipande, ilitiwa ndani ya kikopo cha chuma chenye kamba ya kuvaa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele anayofungwa mbuzi.

Kikopo kilidhalilisha, lakini kilichofunga mtu hasa kilikuwa sahihi. Aliyeondoka kazini bila tajiri kumtilia sahihi ya kumwachilia hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Utoro kazini ulikuwa tayari kosa la jinai chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906. Lakini mtoro aliyebadili jina na kuhamia shamba la mbali, nani angemtambua? Kipande kiliziba tundu hilo. Mlowezi aliripoti, ofisi ya usajili Nairobi ikapekua majalada, polisi wakamsaka mtu, hakimu akamtoza faini au kumpeleka jela. Ugomvi wa kibarua na tajiri, ambao ungeweza kumalizwa kwa madai ya shilingi chache, ukageuka kazi ya polisi. Gharama ya msako ikatoka kwenye hazina ya serikali, ambayo mtoro mwenyewe aliichangia kwa kodi ya kibanda.

Mwanaharakati Harry Thuku aliyasema hayo hadharani, akakamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi alimozuiliwa. Wanaume walipoanza kulegea, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake na kuwataka wampe suruali zao. Polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilitaja vifo 21. Walioshuhudia walisema ni zaidi. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu, kipande kikabaki.

Mwaka 1947 ikaja sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Hapo walowezi wakapiga kelele: alama za vidole ni za wahalifu! Kwa karibu miaka 30 hilo halikuwa limewakera.

Sheria hiyo ndiyo asili ya usajili tulionao. Mwaka 1954, katika Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, Nairobi ilizingirwa, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakachambuliwa kwa maelfu na kupelekwa kambini bila kesi. Uhuru ulipokuja, kibarua mtoro alitoweka kwenye mashtaka, lakini mamlaka ya kumwambia mtu "thibitisha wewe ni nani" hayakufutwa. Novemba 1989 yalielekezwa kwa Wakenya wenye asili ya Kisomali. Waliitwa kuchujwa, waliopita wakapewa kadi maalumu juu ya kitambulisho walichokuwa nacho, wengine wakafukuzwa nchini.

Leo shitaka linaitwa kuwa nchini bila kibali. Sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 inaliwekea faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Julai 2013 Mahakama Kuu ilizuia amri ya kuwaondoa wakimbizi mijini na kuwarudisha kwenye kambi za Dadaab na Kakuma. Haikupita hata miezi 10. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, polisi waliingia Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, nyumba kwa nyumba katika operesheni ya Usalama Watch. Seli zikafurika, watu wakajazwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, nao uwanja ukatangazwa kisheria kuwa kituo cha polisi. Mamia walisafirishwa kwa ndege hadi Mogadishu. Ndani ya uwanja walikuwamo pia raia wa Kenya. Vipande vyao walikuwa navyo mfukoni, lakini waliambiwa wasubiri vihakikiwe.