Upofu wa Wakuu: Kutoka Thebes hadi Issenye

Wahenga walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo humwonya mdogo, wala haisemi neno juu ya mkuu asiyesikia la mdogo. Pengo hilo lilizibwa na watunzi wa tamthilia.

Katika mchezo wa Sophocles, uliotungwa Athens katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Oedipus mfalme wa Thebes amtafuta mtu aliyemwua mfalme aliyemtangulia, Laius. Amwita Teiresias, mzee kipofu, naye akiisha kusema kweli, mfalme amshitaki kuwa amekula njama na Creon. Aonaye ni kipofu. Mwenye macho mazima haoni. Mfalme anapoijua kweli, ajitoboa macho kwa mkono wake.

Shakespeare naye amwonyesha Julius Caesar akionywa mara tatu. Mtabiri amtahadharisha na tarehe 15 Machi. Calpurnia mkewe aota ndoto mbaya. Artemidorus ampa barua yenye majina ya wauaji wake. Mtabiri apuuzwa kuwa mwota ndoto. Ndoto ya mke yageuzwa na Decius kuwa bishara njema, kwani sifa huingia upesi katika sikio la mkubwa. Barua nayo haisomwi, maana Caesar aona ni utukufu kuyaweka mambo yake mwenyewe nyuma ya yote. Na Brutus, aliyemwua kwa nia njema, ampa Antony ruhusa ya kusema mbele ya maiti, akaliwasha jiji zima.

Basi upofu wa wakuu hawa haukuwa ukosefu wa habari. Habari zilifika, zilikataliwa kwa sababu ya hali ya aliyezileta, au kwa sababu mkuu aliamini kwamba nia yake safi yatosha kuwa taa.

Mwaka 1963 mchezo huo wa Caesar ulitoka katika Kiswahili kwa kalamu ya Julius Nyerere, Rais wa Tanganyika, mzaliwa wa Butiama. Katika mkoa huohuo wa Mara, mashariki ya Butiama, iko Issenye, nchi ya wakulima, wafugaji na wawindaji, ambako swali la Sophocles liliulizwa tena bila jukwaa.

Kabla ya Wajerumani kuja, Waissenye hawakuwa na mtemi mmoja wa kuwaamuru. Mambo yaliamuliwa na wazee, marika na waganga wa mvua, kila mmoja kwa sehemu yake. Mpango huo ulikuwa na udhaifu wake, lakini ulikuwa na macho mengi. Penye wazee haliharibiki neno. Wakoloni walipoweka machifu, macho mengi yalipunguzwa yakawa machache.

Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliweka mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka kwa ndege wakahesabu wanyama, na kitabu chao kikasomwa duniani kote. Grzimek alishikilia kwamba ndani ya hifadhi asikae mtu, hata mwenyeji. Nyumbu waliokolewa, na jambo hilo halipaswi kudharauliwa. Lakini kutoka angani pori lilionekana kuwa halina wenyewe, hali simulizi za Waissenye zawataja wazee wao walioishi Nyeberekera, katika mbuga za mashariki. Mahame hayaonekani na aliye juu. Mtoto wa mwindaji akaitwa jangili katika nchi ya babu yake.

Uhuru haukuondoa upofu huo peke yake. Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwaka 1974 operesheni ikafika Mara. Nia ilikuwa njema: shule, maji na zahanati. Lakini watu wengi walihamishwa bila kuulizwa, wakaacha mashamba waliyoyajua, na ukame wa miaka ile ukazidisha njaa nchini. Mfasiri wa Caesar alikuwa karibu na kosa la Brutus: kudhani kwamba usafi wa nia waweza kushika mahali pa shauri.

Hata hivyo hakufanana na Caesar. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, alikiri kwa maandishi kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea, na mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari. Lakini katika maandishi hayohayo uhamaji wa vijijini ulihesabiwa kuwa ushindi mkubwa. Jicho moja lilifunguka, la pili likabaki limefumba.

Oedipus alihitaji kupoteza macho ili aone. Mtawala mwenye busara ana njia nyepesi zaidi: kumsikiliza Teiresias angali mlangoni, hata akiwa ni mzee wa Issenye asiye na cheo.