Mofini si unga: tuzielewe dawa kali za maumivu

Shangazi yangu alipougua saratani, daktari alimwandikia mofini ya maji. Chupa ikakaa juu ya kabati siku nne bila kufunguliwa. Binamu yangu alikuwa na neno moja tu: "Kaka, wataka mamangu awe teja?" Usiku tukimsikia mama wa watu akilia, na dawa iko pale pale.

Sikumlaumu. Kuanzia Mombasa hadi Malindi na Lamu, ni familia ngapi ambazo hazijaguswa na unga? Na ni kweli heroini hutengenezwa kwa mofini, nayo mofini hutoka kwenye afyuni. Lakini mofini ya kunywa, kwa kipimo na saa alizopanga daktari, humpunguzia mgonjwa maumivu, tena hubadilishwa kadiri hali yake inavyobadilika. Muuguzi alikuja akatueleza kwa subira, na siku ile shangazi akalala. Hatukujua tu kwamba dawa hii hufunga choo, kwa hivyo yafaa mgonjwa apewe na ya kulainisha.

Maumivu ya muda mfupi ni jambo jingine. Umeng'olewa jino au umevunjika mkono, ukaandikiwa tramadoli au kodeini. Hapo siku tatu mara nyingi hutosha, na ni nadra kuhitaji zaidi ya saba. Muulize daktari kwanza kama paracetamol au ibuprofen haziwezi kufaa. Mwambie bila haya ukiwa watumia dawa za usingizi, wanywa pombe, una tatizo la kupumua au uliwahi kutumia mihadarati. Hakuulizi ili akuhukumu: pombe au vidonge vya usingizi vikikutana na dawa hizi, pumzi hupungua hadi kukatika. Kodeini asipewe mtoto wa chini ya miaka 12, kwani miili mingine huigeuza kuwa mofini kwa kasi ya hatari.

Mwili nao huzoea. Kidonge kimoja kikishindwa, mtu huongeza cha pili kwa shauri lake, kisha anatafuta duka lisilouliza cheti. Aliyetumia kwa wiki kadhaa asiache ghafla pia, apunguziwe na daktari polepole.

Kinachonikera zaidi ni vile vidonge vilivyobaki. Kwetu hatutupi kitu. Jirani akiumwa mgongo twampa viwili, na vingine viko kwenye droo ambayo kila kijana wa nyumba aijua. Vifungie, na vikibaki virudishe kwenye duka la dawa au hospitali.

Ukimkuta mtu haamki, apumua kwa taabu au akoroma vibaya, midomo imegeuka buluu na mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Waambie ukweli alichomeza, kwa sababu kuna dawa, naloksoni, inayoweza kumrudishia pumzi.

Aliyekwisha kunaswa naye ana tiba. Methadoni ilianza kutolewa Nairobi, hospitali ya Mathari, Desemba 2014, kisha ikafika Malindi mwaka 2015, na Kisauni nako ipo. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu.

Shangazi alipofariki chupa ilikuwa na robo. Binamu yangu aliirudisha hospitali mwenyewe, hata kabla ya matanga kuanuliwa.