Mionzi ya simu ya mkononi
Ni mawimbi ya redio yanayorushwa na antena ya simu inapowasiliana na mnara. Tofauti na eksirei, hayana nguvu ya kuharibu chembe za urithi moja kwa moja. Athari iliyothibitishwa ni kupasha mwili joto. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliyaweka katika kundi la 2B, yaani huenda yakasababisha saratani, kwa ushahidi finyu. Mwaka 2023 Ufaransa ilisimamisha mauzo ya iPhone 12: ilipopimwa kama iliyoshikwa mkononi au kuwekwa mfukoni, mwili ulifyonza wati 5.74 kwa kilo, kikomo kikiwa 4. Apple ikarekebisha programu. Mtandao ukiwa hafifu, simu huongeza nguvu. Hapo inafaa zaidi kuweka spika kuliko kuibana sikioni.