Mwalimu wa Butiama na Lugha Yetu

Mtu atokaye Nyasho hana safari ndefu kufika shule ya Mwisenge, maana mitaa yote miwili imo katika mji wa Musoma. Katika shule hiyo, mwaka 1934, aliingia mtoto wa miaka 12 kutoka Butiama, jina lake Kambarage, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Lugha ya kwao ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alijifunza shuleni. Habari za utawala wa Julius Nyerere mwazijua, wasomaji wapendwa. Hapa twasimulia jinsi alivyoitumikia fasihi.

Alisoma Tabora, kisha Makerere, na mwaka 1952 akapata shahada katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Uskoti. Alifundisha Tabora na Pugu, na jina la Mwalimu likamshika mpaka kufa kwake. Wako watu ambao wakiisha kupata elimu ya namna hiyo huona haya kusema lugha ya nyumbani. Yeye sivyo. Mwaka 1955, alipoacha kazi ya Pugu, alirudi Uzanaki akamfundisha padre mmoja Kizanaki.

Desemba 1962, alipopata kuwa Rais wa Tanganyika, aliunda wizara ya utamaduni, akisikitika kwamba watu walifundishwa ngoma za kigeni wakazisahau zao. Mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, na mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Litazameni neno hilo, mabepari. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu alichagua neno liwahukumulo matajiri wengi. Kumbe kutafsiri si kuiga kama kasuku, bali ni kufikiri upya kwa lugha yako mwenyewe. Hata uzeeni hakuiweka kalamu chini. Mwaka 1996 ulipigwa chapa utenzi wake wa Enjili.

Walakini kazi haikuisha. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, shule za sekondari za nchi yake zilikuwa bado zafundisha masomo mengi kwa Kiingereza. Akazikwa Butiama, kwa wazee wake.

Basi, mtoto aliyekikuta Kiswahili shuleni alikiachia vitabu. Sisi tulio nacho kinywani kila siku, tutakiachia nini?